Siku Kumi na Nne: Jinsi Kesi Inavyosikizwa na Jinsi Rufaa Inavyokatwa

(Maandishi ya hotuba ya uhamasisho wa umma kuhusu mahakama, iliyotolewa mbele ya wazee wa vijiji, viongozi wa vikundi vya akina mama, wachuuzi na wahudumu wa bodaboda.)



Kila wiki kuna watu wanaotoka katika mahakama za mahakimu wakiwa na maneno mawili kinywani: "Tutakata rufaa." Ni maneno rahisi kusema. Lakini wengi wanaoyasema hawajui rufaa hukatwa wapi, ndani ya siku ngapi, wala jaji atakayeisikiliza atatazama nini. Wengine hudhani kwamba kesi itaanza upya, mashahidi waitwe tena, na yale ambayo hayakusemwa mara ya kwanza yapate kusemwa mara ya pili. Wengine huenda kwanza kwa chifu, kwa diwani au kwa mtu wa ukoo aliye na cheo Nairobi, na wanaporudi mahakamani siku zimekwisha.

Jambo kuu la leo ni moja. Kesi hujengwa katika mahakama ya kwanza. Mahakama ya rufaa husoma yale yaliyoandikwa huko. Kwa hiyo anayetaka haki ni lazima aseme neno lake mapema, ahakikishe limeandikwa, na baada ya hukumu ahesabu siku.

Kabla ya kuendelea, ifahamike kwamba mahakama si idara ya serikali ya kaunti. Idara ya Mahakama ni ya kitaifa na, kwa mujibu wa Kifungu cha 160 cha Katiba, iko huru. Gavana, diwani, kamishna wa kaunti na chifu hawana uwezo wa kubadilisha hukumu. Hata kaunti yenyewe ikishtakiwa au ikishtaki, husimama mbele ya hakimu kama mtu mwingine yeyote, na isiporidhika hukata rufaa kwa njia ile ile anayopitia mwananchi.

NGAZI ZA MAHAKAMA

Mahakama za Kenya zimepangwa kama ngazi. Chini kabisa ziko mahakama za mahakimu, ambako kesi nyingi za wananchi huanzia na kuishia. Hapo ndipo husikizwa kesi za wizi, za kupigana, za ajali barabarani, za madeni na za kuvunja sheria ndogo za kaunti. Katika ngazi hiyo pia kuna Mahakama za Kadhi. Hizi husikiza masuala ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikizwa na Kadhi. Kuna vilevile mabaraza maalumu ya kisheria na Mahakama za Madai Madogo.

Juu yake iko Mahakama Kuu. Hii husikiza rufaa kutoka chini, na pia husikiza kesi nyingine kuanzia mwanzo. Kesi ya mauaji, kwa mfano, haisikizwi na hakimu. Huanzia Mahakama Kuu mbele ya jaji. Zenye hadhi sawa na Mahakama Kuu ni mahakama mbili: Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwenye mgogoro wa shamba ambao umeamuliwa na hakimu hapeleki rufaa Mahakama Kuu. Huipeleka Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Juu ya hizo iko Mahakama ya Rufaa, ambako kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja. Kileleni iko Mahakama ya Juu, ambayo wengine huiita Mahakama ya Upeo. Ina majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu, na isikizapo kesi ni lazima waketi wasiopungua watano.

SIKU YA KWANZA KIZIMBANI

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchuuzi amekamatwa na askari wa kaunti, wale ambao mtaani huitwa kanjo, kwa madai ya kuuza bila leseni na kumzuia afisa kufanya kazi yake. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema kwamba aliyekamatwa ni lazima afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Muda huo ukiisha wakati mahakama imefungwa, afikishwe siku ya kazi inayofuata. Ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Na ikiwa kosa lenyewe adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, hafai kuwekwa rumande.

Anapopandishwa kizimbani, karani humsomea mashtaka kwa lugha anayoielewa. Hapo ndipo watu wengi huharibikiwa. Mtu amelala seli usiku mzima, ana njaa, watoto wamebaki peke yao nyumbani, na mwenzake wa kizimbani anamnong'oneza: "Wewe kubali tu, utalipa kidogo uende." Anakubali. Baadaye anapewa faini asiyoweza kulipa, na asipolipa anafungwa.

Kukiri si neno la kuharakisha mambo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, mtu aliyekiri kosa mbele ya hakimu na akapatikana na hatia kwa sababu ya kukiri huko hawezi kukata rufaa kupinga hatia hiyo. Kinachobaki kwake ni kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Kwa neno moja, mlango mkubwa wa rufaa unafungwa siku ile ile ya kwanza.

Mahakama nazo zinajua hatari hiyo. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka wa 1973, utaratibu ni huu. Mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Akikubali, upande wa mashtaka usome maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka, naye aulizwe kama maelezo hayo ni ya kweli. Akipinga sehemu yoyote ya maana, hakimu abadilishe jibu na kuandika kwamba amekana. Utaratibu huo usipofuatwa, hapo kukiri kwenyewe kunaweza kupingwa kwenye rufaa. Kwa hiyo asiyeelewa aseme "sijaelewa." Asiyefahamu Kiswahili wala Kiingereza aombe mkalimani, Katiba inampa haki hiyo bila malipo.

KUSIKIZWA KWA KESI

Mshtakiwa akikana, kesi hupangiwa siku. Siku nyingine huitwa za kutajwa. Hizo ni za kupanga mambo tu, mashahidi hawasikizwi. Lakini kutofika hata siku ya kutajwa kunaweza kumletea mshtakiwa hati ya kukamatwa. Siku ya kusikizwa ndiyo ya ushahidi wenyewe.

Upande wa mashtaka, ulio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ndio unaoanza, kwa sababu ndio wenye mzigo wa kuthibitisha. Mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Katiba, Kifungu cha 50, inampa haki ya kuelezwa mashtaka kwa ukamilifu, kupata muda wa kujitayarisha, kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, kuwa na wakili, kukaa kimya, na kuwauliza maswali mashahidi wa upande wa pili.

Haki ya kuuliza maswali ndiyo inayopuuzwa zaidi na mshtakiwa asiye na wakili. Shahidi anamaliza, hakimu anamgeukia mshtakiwa: "Una maswali?" Mshtakiwa anatikisa kichwa. Akifikiri moyoni kwamba shahidi huyo hakuwepo mahali pale, lakini asimuulize, katika daftari la mahakama litabaki neno la shahidi peke yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hoja nayo ni vivyo hivyo.

Mashahidi wa mashtaka wakimalizika, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Kama hana, huachiliwa papo hapo. Kama anayo, huelezwa njia tatu: kutoa ushahidi akiwa ameapa, na hapo ataulizwa maswali, kutoa maelezo bila kuapa, na hapo hataulizwa, au kukaa kimya. Anaweza pia kuita mashahidi wake.

Wakati mwingine hakimu huhamishwa kesi ikiwa katikati. Hakimu mpya anaweza kuendelea pale mwenzake alipoachia, lakini ni lazima amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kudai mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena. Mshtakiwa asijibu swali hilo kwa mazoea. Kama shahidi fulani ndiye anayembebesha kesi yote, ni vizuri hakimu atakayeamua amwone na kumsikia mwenyewe.

HUKUMU, NA KUHESABU SIKU

Hakimu akimpata mshtakiwa na hatia, humpa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu. Hapo ndipo pa kutaja ugonjwa, wategemezi, kwamba ni kosa la kwanza, na muda uliopita rumande. Sheria inataka muda huo wa rumande uzingatiwe wakati wa kupanga kifungo. Asiyeutaja, na hakimu akausahau, anaweza kujikuta akitumikia miezi ambayo kwa haki alikwisha kuitumikia.

Kisha hakimu husoma adhabu na kwa kawaida humaliza kwa kusema kwamba aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa. Sentensi hiyo hupita haraka, na huku jamaa wanalia. Lakini ndiyo muhimu kuliko zote kuanzia hapo.

Siku 14 huhesabiwa kutoka siku ya hukumu ya adhabu. Aliyehukumiwa tarehe 3 ana hadi tarehe 17. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Ndani ya siku hizo apeleke ombi la rufaa la maandishi Mahakama Kuu, likieleza kwa ufupi ni wapi hakimu alikosea. Si lazima liandikwe kwa Kiingereza cha mawakili; linahitaji sababu zinazoeleweka.

Na aliye ndani ya gereza je? Sheria imemfikiria. Anaweza kumkabidhi ombi lake afisa msimamizi wa gereza, naye afisa huyo ana wajibu wa kulipeleka mahakamani. Kwa hiyo jamaa asiwe na hofu kwamba mtu wake amefungiwa mlango kwa kuwa hana wakili wala nauli.

Kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni hukumu yenyewe. Familia huambiwa kwamba nakala haijachapwa, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo hugeuka mwezi. Sheria ina jibu hapa pia. Mahakama Kuu inaweza kuruhusu rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu nzuri. Tena ni lazima iiruhusu ikiridhika kwamba kuchelewa kulitokana na kukosa nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi ndani ya muda wa kufaa, licha ya kuziomba. Neno lenye uzito hapo ni "kuziomba." Ombi la mdomo kwa karani halina ushahidi. Aandike barua siku ile ile ya hukumu, au kesho yake, aipeleke masjala, abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Barua hiyo ya ukurasa mmoja ndiyo itakayomtetea akiulizwa kwa nini amechelewa.

Jambo jingine ambalo huwashangaza wengi: kukata rufaa hakumtoi mtu gerezani. Anaweza kuomba dhamana wakati rufaa inasubiri, lakini si kama dhamana ya kabla ya hukumu. Sasa amekwisha kupatikana na hatia, na mahakama itatazama hasa kama rufaa yake inaonekana kuwa na nguvu.

JAJI WA RUFAA HUTAZAMA NINI

Rufaa ya kwanza ni haki pana. Jaji wa Mahakama Kuu hatakiwi kupitisha tu alichosema hakimu. Katika kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri ya mwaka wa 1972, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ya wakati huo na ambayo majaji wa Kenya huitaja hadi leo, ilielezwa kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Wakati huo huo ikumbuke kwamba haikuwaona mashahidi kwa macho wala kuwasikia wakisema.

Maana yake ni hii. Jaji ana daftari mbele yake. Anasoma kwamba shahidi wa kwanza alisema tukio lilikuwa saa mbili usiku, na wa pili akasema saa kumi jioni. Anasoma kama kulikuwa na mwanga wa kutosha kumtambua mtu. Anasoma kama mshtakiwa alitoa maelezo ya mahali alipokuwa, na kama hakimu aliyatilia maanani. Lakini hawezi kusoma kile ambacho hakikusemwa. Mashahidi wapya huruhusiwa kwa nadra sana, na ni lazima mahakama iandike sababu ya kuwaruhusu.

Si kila kosa la utaratibu litakalompa ushindi. Tarehe iliyokosewa au herufi iliyoruka kwenye hati ya mashtaka haivunji hukumu, isipokuwa kosa hilo limemnyima mtu haki. Kunyimwa mkalimani au kunyimwa nafasi ya kujitetea ni jambo jingine kabisa.

Jaji akimaliza anaweza kuifuta hukumu na kumwachilia aliyekata rufaa, kuamuru kesi isikizwe upya, kubadilisha kosa liwe dogo, au kupunguza adhabu. Anaweza pia kuiongeza. Hili halisemwi vya kutosha mitaani. Kwa desturi mahakama humwonya aliyekata rufaa kwanza kwamba adhabu yake inaweza kuongezwa, ili aamue kama ataendelea au ataiondoa rufaa. Onyo hilo likitolewa lisichukuliwe kama vitisho. Ni ishara kwamba pengine adhabu ya kwanza ilikuwa chini ya ile inayotakiwa na sheria.

Kuna njia nyingine iitwayo mapitio. Mahakama Kuu inaweza kuliitisha jalada la mahakama ya chini na kukagua kama amri fulani ilikuwa halali na ya haki. Njia hii husaidia, kwa mfano, pale muda wa rumande uliposahauliwa. Hata hivyo si mlango wa nyuma kwa aliyekuwa na haki ya kukata rufaa kisha akakaa.

RUFAA YA PILI NA MAHAKAMA YA JUU

Asiyeridhika na Mahakama Kuu anaweza kwenda Mahakama ya Rufaa. Notisi ya rufaa hupelekwa ndani ya siku 14. Lakini mlango hapa ni mwembamba. Kama kesi ilianzia kwa hakimu, hiyo ni rufaa ya pili, na Mahakama ya Rufaa husikiza hoja za sheria tu. Nani alionekana wapi, na kama shahidi alikuwa mkweli, ni mambo yaliyokwisha kupimwa mara mbili. Hata kulalamika kwamba kifungo ni kirefu mno hakuhesabiwi kuwa hoja ya sheria. Kwa kesi ya mauaji, ambayo ilianzia Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa ndiyo rufaa ya kwanza, hivyo hupima ushahidi pia.

Kufika Mahakama ya Juu ni vigumu zaidi. Katiba inaruhusu rufaa huko katika hali mbili: kesi inahusu tafsiri au matumizi ya Katiba, au imethibitishwa kuwa na jambo lenye umuhimu kwa umma wote. Mfano unaojulikana ni kesi ya Muruatetu, iliyoamuliwa tarehe 14 Desemba 2017. Wakata rufaa walikuwa wamepatikana na hatia ya mauaji na kupewa hukumu ya kifo, na Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekataa rufaa yao. Mahakama ya Juu haikuulizwa nani aliua. Iliulizwa kama sheria inaweza kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kumsikiliza mtu kuhusu adhabu yake. Ilijibu kwamba ulazima huo unakiuka Katiba, na kesi ikarudishwa Mahakama Kuu kwa suala la adhabu pekee. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu kesi za mauaji tu. Hiyo ndiyo kazi ya kileleni: kunyoosha sheria inayowagusa wengi.

Na iwapo rufaa zote zimekwisha au muda umepita, kisha ukapatikana ushahidi mpya wenye nguvu? Kifungu cha 50(6) cha Katiba kinamruhusu mtu kuiomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya. Ni njia nyembamba, lakini ipo.

KESI ZA MADAI

Kesi za madeni, fidia na mikataba zina hesabu yake. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 30, na siku ambazo mahakama yenyewe imethibitisha kwamba zilihitajika kutayarisha nakala ya amri hazihesabiwi.

Hatari kubwa katika kesi za madai ni kudhani kwamba ukishakata rufaa umesimamisha kila kitu. Sivyo. Aliyeshinda anaweza kutuma dalali wa mahakama achukue ng'ombe, pikipiki au vyombo vya nyumba huku rufaa ikisubiri. Anayetaka utekelezaji usimame ni lazima apeleke ombi lingine la kuusimamisha, bila kukawia. Aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa na awe tayari kuweka dhamana itakayoamriwa.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo ndiyo nafuu zaidi. Zilianza kazi mwaka wa 2021, na sheria inataka dai liamuliwe ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe, na mambo husemwa kwa lugha nyepesi. Rufaa yake kwenda Mahakama Kuu ni kwa hoja za sheria tu, na huishia hapo. Anayechagua wepesi huo afike na risiti, meseji za M-Pesa na mashahidi wake siku ya kwanza.

ALIYEDHULUMIWA NAYE JE?

Mara nyingine wanaolia nje ya mahakama si jamaa za mshtakiwa. Ni mama ambaye aliyemwibia au kumjeruhi mwanawe ameachiliwa huru. Katika kesi ya jinai mlalamishi hakati rufaa yeye mwenyewe. Mwenye uwezo huo ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mlalamishi aende ofisi ya mashtaka iliyo karibu mara moja, aeleze kwa maandishi kwa nini anaona uamuzi haukuwa sawa. Siku 14 ni hizo hizo. Asipoteze hata moja akizunguka kutafuta diwani.

MSAADA NA MALALAMIKO

Asiye na wakili anaweza kuomba usaidizi wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2016. Katika kesi ya madai, asiyeweza kulipa ada anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kukata rufaa bila ada. Malipo yote ya mahakama yana risiti. Anayedaiwa pesa mkononi ili jalada "lisipotee" apeleke malalamiko kwa Ombudsman wa Mahakama. Zaidi ya hayo, kuna Kamati za Watumiaji wa Mahakama, ambako mahakimu, polisi, magereza, mawakili na wananchi huketi pamoja. Mzee wa kijiji anayejua kwamba nakala za hukumu zinachelewa kwao, hapo ndipo pa kulisema.

KWA KUMALIZIA

Mabibi na mabwana, mtu akirudi nyumbani leo, jirani yake akimuuliza alichosikia, amwambie haya. Usikiri ambacho hukufanya, wala usichokielewa. Muulize shahidi maswali, maana kisichoandikwa hakitasomwa. Taja muda uliokaa rumande. Siku ya hukumu, andika barua ya kuomba nakala na upigiwe muhuri. Hesabu siku 14 kwa jinai kutoka kwa hakimu, 30 kwa madai. Na kama ni madai, omba utekelezaji usimamishwe kabla dalali hajabisha hodi.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Milango ya rufaa ipo, na Katiba ndiyo iliyoiweka. Lakini kila mlango una saa yake ya kufungwa.